Akii-Bua: Kiraka wa michezo kumi aliyeishangaza dunia

Na Mwandishi Wetu, Lushoto

KUNA kitu ambacho timu ngeni ikipanda Lushoto inakigundua kabla hata ya kuvaa jezi. Huku juu, ardhi tambarare ni mali.

Kutoka Mombo barabara inakata kona kwa kilomita 33 hivi, inapita Soni, na ukishafika unakuta mashamba ya kabichi na karoti yamelala kwenye miteremko, nyumba zimekaa ubavuni mwa milima, na uwanja wa shule umechongwa pale pale palipopatikana nafasi. Mpira ukitoka upande wa bondeni mechi inasimama, mtoto anatumwa kuufuata. Anashuka mbio, anapanda mbio, mechi inaendelea.

Mtoto anayekulia kwenye Milima ya Usambara anafanya mazoezi bila kuambiwa. Anapanda na kushuka kwenda shule, anaruka mifereji na matuta, anabeba mboga kichwani siku ya gulio, anarusha mawe kufukuza nyani shambani. Ndiyo maana msimu wa UMITASHUMTA na UMISSETA ukikaribia, mwalimu wa michezo anaweza kujikuta na tatizo ambalo kocha yeyote angelitamani. Mtoto mmoja huyo huyo anaongoza mita 100, anaongoza kuruka chini, anatupa tufe mbali kuliko wenzake, na jioni anacheza winga kwenye timu ya shule.

"Chagua moja," ndiyo kauli anayoisikia mara nyingi.

Na kwa kuwa nchi hii ni ya Simba na Yanga, na mkoa huu ni wa Coastal Union na African Sports, mara nyingi anachagua mpira. Hakuna wa kumlaumu. Mpira una viwanja, una redio, una mishahara. Riadha ina nini?

Lakini kabla mwalimu hajatamka hiyo kauli, ipo stori moja ya jirani zetu wa Uganda ambayo inafaa isimuliwe kwanza. Ni ya kijana wa polisi aliyekuwa anakimbia, anaruka na kurusha, michezo kumi ndani ya siku mbili, na ambaye hata kwenye huo mchezo wake wa viunzi alianza kwa kufeli. Jina lake John Akii-Bua.

KIRAKA NI KIRAKA

Mashabiki wa soka hawahitaji kufundishwa maana ya kiraka. Erasto Nyoni alikuwa kiraka. Kocha akikosa beki wa kulia, Nyoni yupo. Akikosa beki wa kushoto, Nyoni yupo. Beki wa kati kaumia, kiungo mkabaji ana kadi, mwite Nyoni. Waganda wanamkumbuka vizuri tu: Machi 24, 2019 pale Uwanja wa Taifa, Taifa Stars ilipoichapa Uganda mabao 3-0 na kwenda AFCON kwa mara ya kwanza tangu 1980, bao la pili lilikuwa la Nyoni, kwa penalti.

Tatizo la kiraka ni moja. Kila mtu anamhitaji, lakini hakuna anayebandika picha yake ukutani. Straika anasifiwa kwa mabao, kipa kwa kudaka, kiraka anasifiwa kwa "kusaidia".

Kwenye riadha kiraka ana mchezo wake rasmi. Wanaume wanauita dekathlon, yaani michezo kumi. Wanawake wana heptathlon, michezo saba. Ni mchezo ambao Afrika Mashariki hatujawahi kuuzoea, kwa sababu sisi tukisikia riadha tunawaza mbio ndefu tu, Filbert Bayi, Juma Ikangaa, Wakenya na Waethiopia. Mtu wa kurusha mkuki na kuruka juu kwa siku hiyo hiyo tunamwona kama mtu aliyekosa la kufanya.

Akii-Bua alikuwa mtu wa namna hiyo.

MTOTO KATI YA 43

Alizaliwa Desemba 3, 1949, Abako, eneo la Lango kaskazini mwa Uganda. Baba yake alikuwa chifu mwenye wake wanane na watoto 43. Hebu fikiria timu nne kamili za mpira, unabaki nusura mmoja tu kuzikamilisha. Kwenye nyumba ya hivyo, ukitaka kuonekana lazima ufanye kitu.

Utoto wake ulikuwa wa ng'ombe na mbio za kawaida za kijijini. Baba alipofariki kijana hakuwa amefika mbali kimasomo, shule ikaishia hapo. Mwishoni mwa miaka ya 1960 akawa Kampala, amevaa sare za polisi.

Hapa msomaji wa Tanzania atatabasamu, maana njia ni ile ile tunayoijua. Bayi alikuwa mwanajeshi. Ikangaa alikuwa mwanajeshi. Zamani zile, kijana wa kijijini mwenye miguu alipata mambo matatu kwa mpigo akiingia kwenye majeshi: chakula cha uhakika, muda wa mazoezi na mtu wa kumfokea asubuhi.

Aliyemfokea Akii-Bua alikuwa Jorem Ochana, ofisa wa polisi ambaye naye alikuwa mruka viunzi mkubwa wa Uganda kabla yake. Ochana hakuwa na mchezo. Akii-Bua alikuwa mrefu, futi sita na ushee, na kama warefu wengi alikuwa anapaa juu ya kiunzi badala ya kukipita. Kupaa ni kupoteza muda. Hewani hakuna anayekimbia. Basi Ochana akaweka fito ya kuruka juu kwa juu ya kiunzi, kijana apite katikati, kama mtu anayepita kwenye dirisha. Ukipaa, fito inakugonga kichwani. Akii-Bua mwenyewe alikuja kusimulia baadaye kwamba ilimgonga kweli, na alama ilibaki kwenye paji la uso.

Siku hizi kocha akifanya hivyo ataitwa kwenye kikao cha wazazi. Lakini kichwa kilishuka.

ALIANZA KWA KUFELI

Mchezo wake wa kwanza wa ushindani haukuwa ule uliompa jina. Alianza na viunzi vifupi, mita 110. Vile ni virefu kwenda juu, zaidi ya mita moja, na viko kumi vimebanana. Ni mchezo wa watu wenye mlipuko, dakika haifiki hata robo mmeshamaliza.

Alikuwa mzuri Afrika Mashariki. Dunia ilikuwa habari nyingine. Mwaka 1968 wakati wenzake wanajiandaa kwenda Olimpiki ya Mexico, yeye hakufikia kiwango cha kwenda. Akabaki.

Mwaka huo huo Uganda ilimpokea kocha mpya wa taifa wa riadha, Mwingereza mmoja kijana wa miaka 28 anayeitwa Malcolm Arnold. Leo Arnold ni jina kubwa duniani, ndiye aliyemfundisha Colin Jackson hadi akavunja rekodi ya dunia ya mita 110 kuruka viunzi. Wakati ule hakuwa na jina. Alikuwa kocha mgeni kwenye nchi asiyoijua, na mbele yake kuna polisi mrefu anayefanya kila kitu.

Sasa fikiria Arnold anaona nini. Kijana ana spidi, lakini si ile ya kuwaacha Wamarekani kwenye mita 110. Anaruka. Anarusha. Ana pumzi, kitu ambacho watu wa viunzi vifupi mara nyingi hawana. Na ana kitu kimoja adimu sana: anaruka kiunzi kwa mguu wowote, wa kulia au wa kushoto.

Kwa mtu wa mpira, hicho cha mwisho hakihitaji maelezo marefu. Kila mtu anajua thamani ya mchezaji wa miguu miwili. Beki hajui amzibe wapi. Kwenye viunzi virefu faida yake ni ya aina nyingine, na tutaifikia.

Arnold akamhamishia kwenye mita 400 kuruka viunzi.

SIKU MBILI, KAZI KUMI

Tusimame kidogo hapa kwenye dekathlon, kwa sababu ndiyo roho ya stori.

Siku ya kwanza mchezaji anakimbia mita 100, anaruka chini, anatupa tufe, anaruka juu, halafu jioni akiwa amechoka anamalizia na mita 400. Analala. Asubuhi ya siku ya pili anaamkia mita 110 za viunzi, kisha kisahani, kuruka kwa upondo, mkuki, na mwisho kabisa mita 1,500, mbio ambazo hakuna mwanadekathlon anayezipenda.

Hakuna medali ya kila mchezo. Kila muda na kila umbali una pointi zake kwenye jedwali, zinajumlishwa, mwenye nyingi ndiye bingwa. Kwa jedwali la sasa, ukikimbia mita 100 kwa sekunde 10.4 hivi unapata pointi 1,000 hivi. Ukitaka hizo hizo kwenye kuruka juu, unatakiwa upite takribani mita 2.20. Kwa hiyo ni kama ligi, siyo kombe. Kwenye kombe ukifungwa unaaga. Kwenye ligi unaweza kupigwa leo, kesho ukaamka na pointi tatu, na mwisho wa msimu ukabeba ndoo.

Rekodi ya dunia ni ya Mfaransa Kevin Mayer, pointi 9,126, aliyoiweka mwaka 2018. Miaka ile ya Akii-Bua rekodi ilikuwa ya Mmarekani Bill Toomey, pointi 8,417.

Mwaka 1971 Akii-Bua alikusanya zaidi ya pointi 6,900.

Ukweli lazima usemwe: kwa dunia, hizo hazikuwa pointi za kutisha. Nikolay Avilov wa Umoja wa Kisovyeti alitwaa dhahabu ya dekathlon Munich mwaka 1972 kwa pointi 8,454. Polisi wetu angemwona kwa mbali sana, pengo la pointi 1,500 hivi. Ukimpeleka Akii-Bua Olimpiki kama mtu wa michezo kumi, anarudi nyumbani hajulikani.

Lakini angalia tena ile ratiba. Mchezo wa mwisho wa siku ya kwanza ni mita 400. Mchezo wa kwanza wa siku ya pili ni viunzi. Katikati yake kuna usingizi wa usiku mmoja tu. Ukiutoa ule usiku, ukaviunganisha hivyo viwili, unapata nini? Unapata mita 400 kuruka viunzi.

Kwa maneno mengine, mchezo aliopewa na Arnold haukuwa mgeni. Ulikuwa umelala katikati ya dekathlon muda wote. Mita 100 zilimpa miguu ya kuanzia. Mita 1,500 zilimzoesha kukimbia huku mwili unakataa. Kuruka chini na kuruka juu vilimfundisha kuhesabu hatua kabla ya kuruka. Hata tufe na mkuki havikupotea bure, kwa sababu mtu anayefika kiunzi cha tisa mgongo umelegea hakivuki, anakibomoa.

Na jambo ambalo watu husahau ni kwamba hakuacha ukiraka mara moja. Mwaka ule ule wa zile pointi 6,900, alikuwa tayari anakimbia viunzi virefu kwa muda bora kuliko mtu mwingine yeyote duniani.

KUTOKA NAFASI YA NNE

Kipimo cha kwanza kikubwa kilikuwa Edinburgh, Julai 1970, Michezo ya Jumuiya ya Madola. Kwenye fainali ya mita 400 kuruka viunzi alishinda Mwingereza John Sherwood kwa sekunde 50.03. Wa pili Bill Koskei, aliyekuwa anaikimbilia Uganda. Wa tatu Charles Yego wa Kenya. Wa nne, Akii-Bua, sekunde 51.14.

Yaani hata ndani ya Uganda hakuwa namba moja. Kwa lugha ya vijiweni, alikuwa anasugua benchi kwa Koskei.

Mwaka mmoja tu baadaye, Julai 1971, timu ya Afrika ilikwenda Durham, Marekani, kupambana na Wamarekani nyumbani kwao. Akii-Bua akashinda viunzi virefu kwa sekunde 49.0. Ulikuwa muda bora wa dunia mwaka ule. Kutoka wa nne Edinburgh hadi kileleni mwa orodha ya dunia, miezi kumi na miwili.

Nini kilitokea katikati? Kazi. Mazoezi yake ya Kampala yamebaki simulizi kwa makocha wa viunzi hadi leo. Alivaa fulana yenye vyuma vya uzito akakimbia na kuruka. Viunzi vya mita 400 ni vya sentimita 91.4, yeye akivipandisha mazoezini hadi urefu wa vile vya mita 110, sentimita 106.7, ili siku ya shindano vile vya kawaida vionekane vya watoto. Hapo ndipo viunzi vifupi alivyofelia mwaka 1968 vilipomlipa. Kile kimo kilichomshinda Mexico kikawa chombo cha mazoezi.

Na haya yote hayakufanyika kwenye utulivu. Januari 25, 1971 Idi Amin alimpindua Milton Obote. Obote alikuwa mtu wa Lango, kama Akii-Bua. Wanajeshi wengi kutoka Lango na Acholi waliuawa miezi iliyofuata. Kijana wa polisi mwenye jina la Kilango alikuwa anaamka alfajiri kwenda kuruka viunzi kwenye mji ambao watu wa kwao walikuwa wanatoweka. Watanzania wa umri fulani wanayajua ya Amin bila kukumbushwa. Vita ya Kagera ilikuja kutufikia wenyewe, na utawala wake ulipoanguka 1979, Akii-Bua naye alilazimika kukimbilia Kenya na familia yake. Lakini hiyo ni stori ya miaka ya mbele.

HATA BAYI

Wapo watakaosema huo ni mfano mmoja wa Uganda, bahati tu. Basi tuje nyumbani.

Tanzania ina medali mbili tu za Olimpiki katika historia yake, zote za fedha, zote za Moscow 1980. Moja ya Suleiman Nyambui, mita 5,000. Nyingine ya Filbert Bayi. Sasa muulize shabiki wa kawaida kijiweni Bayi alipata medali kwenye mbio gani. Wengi watakujibu mita 1,500, kwa sababu ndiko alikoweka rekodi ya dunia ya dakika 3:32.2 kule Christchurch, Februari 2, 1974.

Siyo. Medali ya Bayi ni ya mita 3,000 kuruka viunzi na maji.

Na hakuuanza mchezo huo uzeeni. Mwaka 1972 akiwa kijana wa miaka 19 alikwenda Munich akakimbia vyote viwili, mita 1,500 na viunzi na maji, na vyote alitolewa kwenye mchujo. Kama kuna mtu angemwambia siku ile "kijana, chagua moja, hicho kingine kitupe", huenda kabati la medali la Tanzania lingekuwa na fedha moja badala ya mbili.

Kwa hiyo Munich ile ile, Afrika Mashariki ilikuwa na vijana wawili waliokuwa hawajamaliza kuchagua. Mmoja alitolewa mapema. Mwingine alipangiwa leni ya kwanza.

HUKU MILIMANI

Turudi Lushoto kidogo. Mji huu uko kwenye mwinuko wa mita 1,400 hivi kutoka usawa wa bahari, juu zaidi ya Kampala alikofanyia mazoezi Akii-Bua, ambayo ni kama mita 1,200. Milima ipo. Hewa ipo. Watoto wenye mapaja ya kupanda na kushuka wapo, kuanzia Mlalo hadi Mtae.

Upondo na godoro lake ni ghali, hilo halina ubishi, na hakuna mwalimu wa shule ya kata atakayevinunua kwa fedha ya chaki. Ila kiunzi cha mazoezi ni fito tatu. Shimo la kuruka chini ni jembe na mchanga. Tufe ni jiwe la ukubwa wa kueleweka hadi lipatikane la chuma. Mkuki wa mianzi umewahi kurushwa kwenye shule nyingi za nchi hii. Hizo ni zaidi ya nusu ya dekathlon tayari, ukijumlisha na mbio, ambazo hazihitaji kitu zaidi ya njia.

Kinachokosekana ni mtu wa kumwangalia yule mtoto mmoja anayeshinda vitatu, akampigia hesabu ya pamoja. Kwa utaratibu tuliouzoea, kila mchezo unapata mshindi wake, cheti kinatolewa, basi. Mtoto aliyekuwa wa pili kwenye michezo mitano anarudi nyumbani mikono mitupu, na yule wa kwanza kwenye mmoja anapanda basi la mkoa. Wa pili mara tano! Kwenye ligi huyo angekuwa anapigania ubingwa.

Na wala mpira hautapoteza. Beki wa pembeni aliyekulia kwenye viunzi, mwenye mruko na pumzi ya dakika 90, kocha gani atamkataa?

LENI YA KWANZA

Septemba 2, 1972. Fainali ya mita 400 kuruka viunzi, Munich.

Leni ya kwanza ni ile ya ndani kabisa. Kona yake ndiyo kali kuliko zote, na kwa mtu mrefu wa mita 1.88 anayetakiwa kuruka huku anakata kona, ni kama kumpangia winga acheze kwenye kona ya uwanja yenye tope. Leni za nje yake wamekaa David Hemery wa Uingereza, bingwa mtetezi na mwenye rekodi ya dunia ya sekunde 48.12, na Mmarekani Ralph Mann. Wengi walikuwa wanawaangalia hao wawili. Mganda alikuwa na muda mzuri wa mwaka uliopita, lakini mashindano makubwa aliyokimbia yalihesabika kwa vidole.

Bunduki ikalia. Hemery akatoka kwa kasi ya kutisha, kama mtu anayetaka kumaliza shughuli mapema.

Hapa sasa ndipo ile miguu miwili inapoingia. Kati ya kiunzi na kiunzi kuna mita 35. Mkimbiaji mkali anazipita kwa hatua 13, na kwa kuwa 13 haigawanyiki kwa mbili, kila mara anafika na mguu ule ule. Raha. Shida inakuja akichoka, hatua zikafupika, 13 hazitoshi tena. Mwenye mguu mmoja hawezi kupiga 14, kwa sababu atafika na mguu asioujua. Inabidi aruke moja kwa moja hadi 15, hatua fupi fupi za kuchechemea, na muda unakwenda. Mwenye miguu miwili anapiga 14, anabadilisha mguu, maisha yanaendelea.

Kona ya mwisho Hemery akaanza kulipia ile kasi ya mwanzo. Kutoka ndani kabisa, jezi ya Uganda ikawa inakuja. Kufika mita za mwisho kabla ya mstari, hapakuwa na wa kumfuata. Mann na Hemery walikuwa nyuma takribani mita tano wakigombea fedha. Mann akaipata kwa sekunde 48.51, Hemery 48.52.

Ubao ukaandika 47.82. Rekodi ya dunia. Hakuna binadamu aliyekuwa amewahi kushuka chini ya sekunde 48 kwenye mbio hizo. Yule Akii-Bua wa Edinburgh, wa nafasi ya nne miaka miwili nyuma, angekuwa bado yuko mita 26 nyuma ya huyu. Ilikuwa dhahabu ya kwanza ya Uganda kwenye Olimpiki, na Waganda walikuja kusubiri hadi London 2012, Stephen Kiprotich kwenye marathoni, kuipata ya pili.

Washindi wengi wakivuka mstari wanaanguka chini, maana mita 400 za viunzi zinamaliza kila kitu. Akii-Bua hakuanguka. Aliendelea kuzunguka uwanja huku uwanja mzima unampigia makofi, anacheza, anapunga mikono, na kila baada ya hatua kadhaa anainua mguu na kuruka kiunzi ambacho hakikuwepo.